Simu ya kinu cha nyuklia isipitie Nairobi kwanza

Mhariri,

Mjadala wa kinu cha nyuklia nchini Kenya umekuwa wa mahali na wa pesa. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024. Baadaye macho yakageukia ufuo wa Ziwa Victoria katika kaunti ya Siaya, na Lwanda Kotieno ni miongoni mwa maeneo yaliyotajwa. Lengo la serikali ni umeme huo uanze kutoka mwaka 2034. Watu wanauliza ardhi italipwa bei gani, samaki watapona vipi, taka zitawekwa wapi. Ni maswali ya haki kabisa. Ila kuna jingine ambalo halisikiki barazani, nalo kwa sisi tunaoijua kazi ya maandalizi ya dharura ndilo la kwanza: siku mtambo ukiharibika usiku wa manane, nani atampigia nani simu, kwa maneno gani, na ndani ya dakika ngapi?

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Chumba cha udhibiti cha mtambo kiipigie kaunti simu moja kwa moja, dakika ileile kinapoipigia Nairobi. Na kaunti iwe na mamlaka kisheria ya kuchukua hatua za mwanzo bila kungoja kibali cha mtu yeyote. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziweka kazi za kukabiliana na majanga kwa serikali ya taifa na kwa kaunti pia. Kwa hiyo hatuombi fadhila.

Tuanzie pale ambapo dunia ilijifunza somo hili kwa gharama. Tarehe 28 Machi 1979, saa 10 alfajiri, kinu namba 2 cha Three Mile Island katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilizimika. Vali ya kupunguza presha ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama wazi na maji ya kupozea yakawa yanavuja. Kwenye meza ya udhibiti kulikuwa na taa ya kuonyesha vali hiyo, nayo ilikuwa imezimika, wahudumu wakaamini vali imefunga. Kumbe taa ile haikupima vali. Ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imepelekwa. Njia ile ya maji haikuzibwa hadi saa 12 na dakika 22 asubuhi, na kufikia hapo kiini kilikuwa kimeanza kuyeyuka.

Dharura ilitangazwa karibu saa 1 asubuhi, takriban masaa matatu tangu hitilafu kuanza, na jimbo likapigiwa simu dakika hizo. Simu iliyokwenda ofisi ya kanda ya tume ya kusimamia nyuklia ilipokewa na huduma ya kupokea ujumbe, kwa sababu ofisi ilikuwa haijafunguliwa, na afisa wa zamu alikuwa njiani kwenda kazini. Tume ikapata habari karibu saa 1 na dakika 45. Naye meya wa Harrisburg, mji mkuu wa jimbo ulio kilomita 16 hivi kutoka mtamboni, alizipata habari hizo saa 3 na robo asubuhi, alipopigiwa simu na kituo cha redio cha Boston. Mtangazaji aliye mamia ya kilomita mbali alijua kabla ya meya mwenye wananchi.

Kutokana na siku ile Marekani iliandika kanuni ambazo hadi leo ni kipimo kizuri. Wenye mtambo wana dakika 15 za kuainisha tukio, na saa inaanza kuhesabu pale vipimo vinapokuwa mbele ya wahudumu, si pale watakapokuwa wameelewa kiini cha tatizo. Hapa ndipo Three Mile Island ilipoanguka, na ndipo mhandisi yeyote mwenye bidii huanguka: anataka kujua kwanza, ndipo aseme. Kanuni inamwambia aseme kwanza. Namba iliyo kwenye jedwali la madaraja ya dharura ikivukwa, daraja limetangazwa, hata kama hakuna anayejua ni vali gani imekwama.

Tukio likishatangazwa, zimebaki dakika 15 nyingine za kuzijulisha mamlaka za jimbo na za mtaa. Na mamlaka hizo zikishaamua kuwaonya wananchi, mfumo wa ving'ora na redio unapaswa kuwa umewafikia ndani ya dakika 15 hivi. Tunaomba wasomaji waiangalie kwa makini sehemu inayofuata ya kanuni hiyo. Tume ya taifa inapaswa kujulishwa mara tu baada ya mamlaka za mtaa kujulishwa, na muda usizidi saa moja. Mtaa kwanza, mji mkuu baadaye. Nchi yenye vinu vingi kuliko nyingine yoyote imeandika hivyo katika sheria yake, na haikuwa kwa sababu ya upole. Mtu wa Washington hawezi kumtoa mgonjwa kitandani wala kufunga barabara. Hakimbii kuwaita watoto waingie ndani.

Japani ilijifunza hayohayo kwa njia yake. Tarehe 30 Septemba 1999, saa 4 na dakika 35 asubuhi, wafanyakazi wa kiwanda cha JCO cha kutayarisha fueli ya uranium kijijini Tokai walimimina myeyusho mwingi kupita kiasi ndani ya tangi moja, na mmenyuko wa nyuklia ukaanza wenyewe. Wafanyakazi wawili walikufa baadaye. Kijiji kilipata taarifa ya kwanza karibu saa nzima baada ya tukio. Meya wa Tokai, Tatsuya Murakami, hakungoja Tokyo wala mkoa wake. Saa 9 alasiri aliamuru watu wote walio ndani ya mita 350 waondoke, jumla ya watu 161. Ushauri wa mkoa kwamba watu 310,000 walio ndani ya kilomita 10 wabaki majumbani ulitoka saa 4 na nusu usiku. Kati ya amri ya meya na neno la mkoa yalipita masaa saba na nusu, na katika masaa hayo kiongozi aliyewakinga watu wake ni yule aliyekuwa karibu nao.

Desemba mwaka huohuo Japani ikapitisha sheria ya maandalizi ya dharura za nyuklia. Kifungu cha 10 kinamlazimu mwenye mtambo kuarifu serikali kuu, gavana wa mkoa na mameya kwa pamoja. Kifungu cha 15 kinahusu hali iliyo mbaya zaidi. Sheria nzuri. Basi tuone ilivyofanya kazi tarehe 11 Machi 2011 kule Fukushima.

Tetemeko lilikuja saa 8 na dakika 46 mchana. Tsunami iliuzamisha mtambo karibu saa 9 na dakika 37 alasiri. Taarifa ya Kifungu cha 10 ilitoka saa 9 na dakika 42, dakika chache tu baadaye. Taarifa ya Kifungu cha 15 ilitoka saa 10 na dakika 45. Upande wa mtambo, mpaka hapo, hatuna la kulaumu. Lakini serikali kuu ilitangaza hali ya dharura saa 1 na dakika 3 usiku, yaani zaidi ya masaa mawili baada ya kuarifiwa. Mkoa ulichoka kungoja, ukaamuru kwa mamlaka yake watu walio ndani ya kilomita 2 waondoke saa 2 na dakika 50 usiku. Amri ya serikali kuu ya kilomita 3 ikafuata saa 3 na dakika 23. Tume huru iliyoundwa na bunge la Japani iligundua kwamba wakati wa amri hiyo, ni asilimia 20 tu ya wakazi wa karibu na mtambo waliokuwa wanajua kwamba kuna ajali.

Mji wa Namie uko jirani, kaskazini mwa mtambo, na ulikuwa na makubaliano na kampuni yenye mtambo kwamba utapewa taarifa. Taarifa haikufika. Simu na faksi zilikuwa zimekatika, na viongozi wa mji walijua amri ya kuondoka kwa kuitazama kwenye televisheni asubuhi ya tarehe 12. Wakaamua kwa akili zao kuwapeleka watu kaskazini-magharibi, sehemu ya milimani iitwayo Tsushima. Maelfu walikaa huko hadi tarehe 15, siku ambayo upepo uliipeleka mionzi kaskazini-magharibi. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kukadiria wingu la mionzi litakwenda wapi, lakini matokeo yake hayakuwafikia Namie. Hawa hawakukosa nidhamu wala uongozi. Walikosa ukurasa mmoja wa taarifa.

Jambo jingine la Fukushima halisemwi mara nyingi. Kituo cha kuratibu dharura, mahali ambapo maafisa wa taifa, mkoa na miji walitakiwa kukutana mezani, kilijengwa Okuma, kilomita 5 tu kutoka mtamboni. Umeme ulikatika, simu zikafa, na jengo lenyewe halikuwa na vichujio vya kuzuia mionzi kwenye mfumo wa hewa. Tarehe 15 Machi maafisa walilihama. Wahandisi watakaochora ramani ya Siaya wachore na jengo hilo pia, na wapange la pili nje ya duara la tahadhari linalozunguka mtambo.

Sasa tuingie kwenye ujumbe wenyewe, maana hapo ndipo makosa madogo huua. Fomu ya kwanza ya taarifa isizidi ukurasa mmoja. Ianze kwa kusema kama ni zoezi au ni tukio la kweli, na imalizike kwa kurudia hilohilo. Iwe na jina la mtambo, namba ya kinu, daraja la dharura, saa lilipotangazwa, kama mionzi inatoka au haitoki, upepo, na hatua ambazo mtambo unapendekeza. Basi. Sababu za kiufundi zitafuata katika taarifa ya pili. Msimamizi wa zamu anayejaribu kumweleza afisa wa kaunti kilichotokea ndani ya pampu anapoteza dakika ambazo si zake.

Ikisomwa kwenye simu, isikike hivi: “Hili si zoezi. Kinu namba 2. Dharura kuu imetangazwa saa 14:10, yaani saa nane na dakika kumi mchana. Mionzi inatoka. Upepo unatoka nyuzi 225, unaelekea nyuzi 45, mita 4 kwa sekunde. Tunapendekeza watu waondoke kilomita 3 pande zote, na kilomita 8 upande unakoelekea upepo. Hili si zoezi.” Anayepokea anaandika, anausoma ujumbe wote tena kwa sauti, anataja cheo chake na saa aliyopokea. Kisha anakata na kupiga mwenyewe namba ya chumba cha udhibiti iliyo kwenye kitabu chake, kuhakikisha si mzaha. Yote hayo ni dakika tatu.

Tumeiandika saa kwa njia mbili kwa makusudi. Hili ni jambo ambalo fomu za kigeni hazitatufundisha. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, na fomu zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Mhandisi akisema kwa haraka “saba na nusu”, chifu ataelewa saa saba na nusu mchana, au usiku, na mwenzake wa Nairobi ataelewa asubuhi. Masaa sita yanapotea katika neno moja. Fomu iandikwe kwa tarakimu za masaa 24, na tafsiri ya Kiswahili isomwe hapohapo, pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Upepo nao una mtego wake. Wataalamu wa hali ya hewa huutaja upepo kwa kule unakotoka. Anayepanga kuokoa watu anataka kujua unakokwenda. Tofauti yake ni nyuzi 180, na mtu aliyechoka, chini ya taa ya jenereta, akisahau kujumlisha, atawahamisha watu kutoka mahali salama awapeleke kwenye wingu. Watu wa pwani wana bahati ya lugha hapa: kaskazi inatoka kaskazini, kusi inatoka kusini, na hakuna nahodha anayekosea. Huko ziwani itabidi fomu iwe na mistari miwili isiyoweza kukwepwa, “unatoka” na “unaelekea”, na mahali pa kuandika majina ya kata zilizo upande huo. Nyuzi ni za mhandisi. Naibu wa chifu anataka kusikia jina la kijiji.

Tena upepo wa ziwa hubadilika kila siku. Mchana hupuliza kutoka majini kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Taarifa ya saa kumi jioni inaweza kuwa ya kupotosha kufikia saa mbili usiku. Ndiyo maana fomu ya pili na ya tatu ni lazima, hata kama mtambo hauna jipya la kusema zaidi ya upepo.

Kisanduku cha “mionzi inatoka” nacho huwapa watu taabu. Baadhi ya wahudumu hujaza “hapana” kwa kuwa kiwango kinachotoka kiko chini ya kile kinachoruhusiwa siku za kawaida. Swali si kama sheria imevunjwa. Swali ni kama kuna kitu kinachotoka kwa sababu ya tukio hili. Maelezo hayo yachapishwe kwenye fomu, pembeni ya kisanduku.

Kuhusu majina ya madaraja, tunaomba yasiwe namba. Marekani inatumia manne, na kwa Kiswahili tungeyaita tukio lisilo la kawaida, tahadhari, dharura ya eneo la mtambo, na dharura kuu. Hilo la mwisho maana yake ni kwamba vizuizi viwili kati ya vitatu, yaani mirija ya fueli, mabomba na chungu cha kinu, na jengo zito la zege, vimeshindwa, na cha tatu kimeshindwa au kinaelekea kushindwa. Mkiyapa namba, yatachanganywa na kipimo cha kimataifa cha INES chenye ngazi 7, ambacho hutumika kueleza ukubwa wa ajali kwa umma, mara nyingi baadaye. Fukushima iliwekwa ngazi ya 5 tarehe 18 Machi 2011, ikapandishwa hadi ya 7 tarehe 12 Aprili. Afisa wa kaunti anayengoja kusikia “saba” ndipo atoe magari angengoja mwezi mzima.

Njia za mawasiliano tutazisema kwa ufupi, ingawa ndizo hununuliwa mwisho na kwa bei ya chini. Simu ya mkononi haitoshi: umeme ukikatika, minara hubaki na betri za masaa machache, na mtandao hujaa watu wote wakipiga kwa pamoja. Pawe na laini maalumu isiyopita kwenye mtandao wa umma, pawe na redio, pawe na simu ya setilaiti, na kila moja iwe na umeme wake wa akiba. Namba ziwe za meza, si za mtu. Makamishna wa kaunti na manaibu wao huhamishwa, na namba iliyo kwenye simu ya mtu huhama naye hadi Turkana. Meza hiyo iwe na mtu saa 24, siku ya Krismasi na siku ya Idi pia. Kule Marekani mawasiliano na majimbo na mitaa iliyo jirani na mtambo hujaribiwa kila mwezi, na zoezi kamili hufanywa kila baada ya miaka miwili. Hapa barani Afrika, kituo cha nyuklia cha Koeberg karibu na Cape Town kina ving'ora na vipaza sauti ndani ya kilomita 16, na mara moja kwa mwaka hulizwa kwa sauti kamili, baada ya wakazi kutangaziwa.

Nani yumo ndani ya duara? Ikiwa kinu kitajengwa Lwanda Kotieno, chora duara la kilomita 16. Litavuka maji na kuingia Mbita, ambayo iko kaunti ya Homa Bay. Kwa hiyo simu ya kwanza haiwi ya kaunti moja, ni ya mbili, kwa wakati mmoja, kwenye laini moja ambayo kila upande unaitika kwa jina. Namie nayo haikuwa mji mwenyeji wa mtambo, ilikuwa jirani. Panua duara hadi kilomita 80, umbali ambao Wamarekani hutumia kulinda maji na chakula, na utaufikia mji wa Kisumu na maji ya Uganda na Tanzania. Mkataba wa kimataifa wa kutoa taarifa mapema ulipitishwa Septemba 1986, miezi mitano baada ya Chernobyl, ajali ambayo Wasweden waliihisi kwa vipimo vya kituo chao cha nyuklia cha Forsmark kabla Moscow haijasema neno. Mkataba huo unazungumza na serikali na shirika la kimataifa la atomiki. Haumpigii simu afisa wa Musoma. Hilo ni jukumu la makubaliano ya majirani, na yaandikwe mapema.

Na wapo watu ambao king'ora hakitawafikia hata kikiwa kikubwa namna gani. Usiku wa giza, usio na mbalamwezi, wavuvi wa omena wako katikati ya ziwa na taa zao. Injini ya mashua inanguruma, nchi kavu iko mbali, na simu nyingine zimefungwa kwenye nailoni zisilowe. Kwa watu hawa mpango ni lazima upitie vikundi vya usimamizi wa fuo: orodha ya mashua zilizotoka usiku huo, redio ya mkono kwa mashua kadhaa za kiongozi, na ishara ya taa inayojulikana na kila nahodha. Waambiwe pia wasirudi ufuo waliotokea ikiwa upepo unaelekea huko, na watajiwe kabla ni ufuo upi wa pili. Bila hilo, tutawaonya watu wa nchi kavu halafu wavuvi watie nanga alfajiri kwenye kijiji kitupu.

Dakika tunazozidai zina maana mwilini. Vidonge vya iodini huizuia tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, isinyonye iodini yenye mionzi, lakini wakati wake mzuri ni kabla ya kukutana na mionzi au ndani ya masaa mawili hivi baadaye. Hadi masaa manane vinasaidia kiasi. Baada ya siku nzima, madhara yake yanaweza kuzidi faida. Mtu mzima hupewa miligramu 130 za potasiamu iodaidi, mtoto wa miaka 3 hadi 12 miligramu 65, wa mwezi mmoja hadi miaka 3 miligramu 32, na mtoto mchanga miligramu 16. Vidonge vikiwa ghalani Nairobi taarifa inapofika, haviko. Viwe katika zahanati na shule za duara la ndani, na wahudumu wa afya ya jamii wajue kukata kidonge kwa ajili ya mtoto.

Hospitali zijulishwe mapema kuliko wote. Katika ajali ya Fukushima, Japani ilipoteza wagonjwa na wazee wasiopungua 60 kwa sababu ya kuhamishwa kwa pupa, bila madaktari njiani, bila maji, masaa mengi ndani ya mabasi. Kwa hiyo kaunti isingoje dharura kuu. Dharura ya eneo la mtambo ikitangazwa, hospitali zianze kuhesabu vitanda, oksijeni na magari, na wale wasioweza kusafirishwa waandaliwe kukaa ndani, madirisha yamefungwa, pamoja na wauguzi wao.

Tunajua jibu litakalotolewa: mkiwaambia mapema mtazua taharuki. Tuangalie ushahidi. Ijumaa tarehe 30 Machi 1979, helikopta ilipima mionzi ya miliremu 1,200 kwa saa juu ya bomba la kutolea hewa la Three Mile Island. Makao makuu ya tume wakadhani kipimo hicho ni cha nje ya mtambo, mahali wanapoishi watu. Kutokana na mkanganyiko huo gavana alishauriwa, na akawataka wajawazito na watoto wasiofikia umri wa shule walio ndani ya kilomita 8 waondoke. Takriban watu 140,000 waliondoka, wengi kuliko aliowataja. Hawakukimbizwa na taarifa ya mapema. Waliyumbishwa na siku mbili za kauli zinazopingana, na namba iliyosafiri bila kusema imepimwa wapi. Kipimo chochote kinachotumwa kiandikwe mahali, kimo na saa.

Taarifa ya uongo nayo ina dawa yake. Tarehe 12 Januari 2020, watu wa jimbo zima la Ontario, Kanada, waliamshwa na ujumbe wa simu kuhusu tukio katika mtambo wa Pickering. Hapakuwa na tukio. Afisa alikuwa akijaribu mfumo wakati wa kubadilishana zamu, akatuma ujumbe wa kweli badala ya wa majaribio. Ujumbe wa kufuta ulichukua dakika 108, kwa kuwa hapakuwa na uhakika wa nani autume na kwa utaratibu gani. Ujumbe wa kufuta uandikwe siku ileile unapoandikwa wa kuonya, kwa Kiswahili, Kiingereza na Dholuo, na anayeruhusiwa kutuma mmoja aruhusiwe kutuma na mwingine.

Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 imeshaunda mamlaka ya kusimamia haya. Tunaiomba iandike katika masharti ya leseni kwamba kaunti zote zilizo ndani ya duara zijulishwe ndani ya dakika 15 baada ya tangazo, sambamba na taifa, na kwamba gavana na kamishna wa kaunti, yeyote atakayepatikana kwanza, waweze kuamuru watu wabaki ndani au waondoke katika kilomita 5 za kwanza. Fueli isiingie mtamboni kabla simu hiyo haijajaribiwa. Na jaribio la kwanza lifanywe usiku wa giza, umeme wa gridi ukiwa umezimwa kwa makusudi kwenye ofisi za kaunti, wavuvi wa omena wakiwa majini, na mtu mwenye saa mkononi awe amesimama ufuoni Mbita.

Wenu,
Wahandisi na maafisa wa maandalizi ya dharura,
Kisumu